Zamu Moja Wakati wa Adhana

Trak. Kimya kidogo. Trak tena.

Hiyo ni sauti ya cheni ikihamia kwenye meno madogo, mara mbili, na ukiisikia nyuma ya mgongo wako huna haja ya kugeuka: kuna mtu anajiandaa kuchomoka. Nimeisikia mara nyingi sana na wala sijali. Lakini ile moja, niliyoisikia muadhini akiwa ndio kwanza ameanza, naisikia mpaka leo nikipiga mswaki, nikikata vitunguu, nikingoja foleni ya benki. Naisikia na damu inachemka. Kwa miaka saba nimejiambia kwamba inamchemkia mwenye ile gia. Jumapili iliyopita mlinionesha kwamba si kweli, na kwa hilo nimewakasirikia na nyinyi pia. Basi kaeni chini nyote, wasichana wangu wa Tononoka, msome mpaka mwisho, kwa sababu haya sitayasema mara mbili.

Kwa mliokuja juzi: mimi ni Mwende, kocha wenu, nina miaka thelathini na mitatu na ni mstaafu. Msicheke. Goti likistaafu, mwenye goti hana la kubishana nalo. Baba alikuja Mombasa kwa kazi ya reli, nikazaliwa Majengo, nikasoma mpaka kidato cha pili. Nikaanza kupeleka mikate madukani kwa baiskeli, na kati ya duka moja na jingine nilikuwa nimeshashinda mashindano ya dunia. Nilitoa hotuba za ushindi kwa sauti. Wenye maduka walinijua: yule wa mikate anayezungumza peke yake. Baadaye mfanyabiashara mmoja wa matairi akaunda timu, akaniona nikipanda mlima na kreti mbili za mikate, akaniajiri. Nikalipwa kukanyaga pedali kwa miaka tisa. Nawaambia kweli, hakuna kazi tamu kama hiyo. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa.

Sasa Jumapili. Nyote mlikuwapo. Wako wawili mbele, Tatu wetu na yule Rukia wa Likoni, Rukia ndiye anayeongoza, na zimebaki kilomita nne. Cheni ya Rukia ikatoka. Tatu akamtazama, akaona mikono ya mwenzake imejaa grisi, akaondoka zake akashinda. Nikamwita pembeni, na nyinyi wengine mkajisogeza kama mnatafuta chupa zenu.

"Tatu, umefanya nini?"

"Nimeshinda, kocha."

"Mwenzako cheni imetoka."

"Cheni ni yake. Kwani mimi ndiye niliyeitoa?"

"Anayeongoza chombo kikimharibikia, unapunguza mwendo. Ukimshinda, umshinde akiwa juu ya baiskeli."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa."

"Basi."

Nikamwambia mimi sikulelewa hivyo katika kazi hii. Nikapandisha sauti, mlinisikia. Tatu akangoja nimalize, kwa adabu zake zote, kisha akasema polepole, "Kocha, tumeiona ile video yako. Dakika ya sita. Unavuta zamu."

Mmoja wenu akacheka. Wengine mkatazama viatu. Nikachukua filimbi yangu nikaenda nyumbani bila kuwaaga, na mpaka leo sijajua aliyecheka ni nani, na sitaki kujua.

Imeandikwa wapi. Nilirudia maneno hayo jioni nzima. Niwaambie ilivyo. Kitabu cha kanuni kimeandikwa na watu walioketi kwenye viti. Kinasema helmeti ikoje, namba ibandikwe wapi, faini ni kiasi gani. Hakisemi ukiwa mbele uwaoneshe wa nyuma shimo kwa kidole. Hakuna atakayekutoza faini usipoonesha. Watu wataanguka tu.

Najua, kwa sababu niliwaangusha. Yalikuwa mashindano yangu ya pili. Niko mbele ya kundi zima, barabara ya Majengo, na kichwani niko kwenye televisheni namshukuru mama yangu. Mbele kuna shimo la maji machafu, kifuniko kimeibwa. Nikaliona dakika ya mwisho, nikalikwepa vizuri kabisa, nikaendelea kumshukuru mama. Nyuma yangu wakaanguka wanne. Mmoja alikuwa Mwanaisha, mtoto wa Mji wa Kale, mkubwa wangu kwa miaka mitano, wa timu nyingine kabisa. Alinyanyuka na goti limefunguka kama komamanga, akanifukuza kilomita tatu, akaja kando yangu. Nikajikunja kungoja matusi.

"Shimo uliliona?" akaniuliza.

"Nililiona."

"Sasa nyosha kidole nikione."

Nikanyosha.

"Hicho ndicho kidole? Hicho cha kuonja mchuzi. Nyosha."

Akakaa nyuma ya gurudumu langu mpaka mwisho, goti linavuja, na kila penye shimo nikaonesha. Nikaonesha matuta, nikaonesha madimbwi, nikaonesha paka. Watu wakacheka sana. Tangu siku ile sijawahi kupita shimo kimya, hata nikienda sokoni kwa miguu mkono unajiinua wenyewe. Na tangu siku ile Mwanaisha akawa dada yangu, ingawa jezi zetu zilikuwa mbili tofauti na mishahara yetu ilitaka tushindane.

Au niwaambie ile ya leso. Safari ndefu ya kwenda Kilifi na kurudi, saa nne juu ya kiti, na wanaume wao husimama tu kando ya barabara wakamaliza. Sisi je? Kila gari la timu lilikuwa na leso mbili pana, za kujifunga kiunoni, chini ya kiti. Mmoja akisema "mimi nashuka", kundi lote linapunguza, na wawili wanamshikia leso kumsitiri, na wale wawili hawatoki timu yake. Ndiyo desturi: leso hushikwa na wapinzani. Kwa sababu mpinzani akiwa ameshika leso yako, mikono yake haiko kwenye usukani. Nani alilibuni hilo sijui. Ni mwanamke mwenye akili kuliko kamati zote nilizowahi kuziona. Na hakuna hata mmoja, miaka yote hiyo tisa, aliyewahi kumkimbia mtu aliye nyuma ya leso. Wachezaji wabaya walikuwapo, wasengenyaji walikuwapo, mmoja alikuwa akitema mate upande wangu makusudi. Yeye mwenyewe alinishikia leso, na akageuza uso.

Sasa ya adhana.

Mwezi wa Ramadhani mashindano hufanywa asubuhi, hilo mnalijua. Mara chache yanapoangukia alasiri, waendesha baiskeli wa kisiwa hiki wana desturi yao, na iliwekwa na Waislamu na Wakristo pamoja. Adhana ya magharibi ikitukuta njiani, gia haiguswi. Wasiofunga tunatangulia mbele kukata upepo, kwa mwendo uleule, na waliofunga wanakaa nyuma yetu wafuturu: tende moja au mbili, maji, wapumue. Wa mwisho kumaliza anainua mkono. Hapo ndipo mashindano yanaendelea. Ni dakika mbili, pengine tatu. Mimi nilizipenda dakika zile kuliko medali. Unavuta mbele, huoni kitu ila barabara, na nyuma yako unasikia watu wakinywa maji.

Siku yenyewe kulikuwa na mtu wa timu ya ng'ambo aliyekuja kuchagua msichana mmoja. Mmoja tu, mkataba wa miaka miwili. Hakuna aliyetangaza kwamba atachukuliwa mshindi, lakini kila mtu alijua. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mwanaisha alikuwa na thelathini na mmoja, na miguu yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, hasa kwenye mbio za mwisho. Nilijua. Alijua. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na hakuilalamikia hata siku moja.

Tulipangiwa kuanza saa tisa, mizunguko mitano ya kisiwa, tumalize kabla ya magharibi na kila mtu akafuturu kwao. Mgeni rasmi akachelewa. Tulikaa juani saa nzima na zaidi, Mwanaisha hana hata tone mdomoni, na bwana huyo alipofika akahutubia dakika ishirini kuhusu faida za michezo kwa afya. Nikimkumbuka naye huwa nataka kurusha kitu.

Wakati ule wa kungoja Mwanaisha alimwendea msichana mmoja wa bara, mgeni kwetu, mwenye jezi nyeupe. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. Akamweleza desturi ya adhana tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Umenisikia, mdogo wangu?"

"Nimesikia."

"Usinambie umesikia. Nambie umekubali."

"Nimekubali, dada."

Mzunguko wa mwisho tulikuwa watatu mbele, kundi tumeliacha mbali: mimi, Mwanaisha, na jezi nyeupe. Tukapita Ngome, zimebaki kilomita nne, na misikiti ya Mji wa Kale ikaanza, mmoja ukidakia mwingine. Mwanaisha akapeleka mkono mgongoni, kwenye mfuko wa jezi, akatoa tende. Mimi nikatangulia mbele bila kuambiwa. Na hapo ndipo, nyuma yangu, trak. Trak tena. Jezi nyeupe ikanipita upande wa kulia kama risasi.

Nikageuka. Mwanaisha ana tende mdomoni, chupa mkononi. Nikamwambia maneno haya, na ni yangu, hakuna aliyenitia mdomoni: "Namrudisha, dada. Wewe futuru." Akaitikia kwa kichwa. Akapunguza mwendo ili anywe vizuri, kwa sababu nimemwambia.

Nikamfikia yule msichana kabla ya kilomita moja kwisha. Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye kazi. Ukimfikia aliyechomoka, na mwenzako yuko nyuma anakuja, kazi yako ni moja: unakaa kwenye gurudumu lake na unakataa. Hupiti mbele kumkatia upepo, humvutii zamu hata moja. Yeye atakata upepo peke yake, atachoka, atapunguza, na mwenzako atafika. Kazi hiyo nilikuwa naijua. Nimeifanya mara nyingi kwa malipo. Nikakaa. Akatikisa kiwiko kuniita nipite mbele.

"Vuta," akasema.

Nikabaki kwenye gurudumu lake.

"Vuta, dada. Wewe vipi? Huyo akifika atatushinda sote wawili."

Na ilikuwa kweli. Nikatazama chini ya kwapa langu. Mwanaisha ameshaweka chupa, anakuja, mita mia na hamsini, na kila nikitazama amekuwa mkubwa zaidi. Dakika moja tu na angekuwa nasi. Na mimi, mwota ndoto wa mikate, nikaona uwanja wa ndege. Niliuona kabisa, mpaka begi.

Nikapita mbele, nikavuta zamu.

Moja. Kama mita mia tatu. Kwa miaka saba nimejiambia sikuvuta kwa nguvu, nilikuwa nampumzisha miguu tu, nilichanganyikiwa. Uongo mtupu. Nilivuta kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Halafu yule wa jezi nyeupe akavuta yake, na kwenye mbio za mwisho nikamshinda kwa gurudumu moja. Mwanaisha akaja wa tatu.

Mnajua kilichotokea baada ya hapo. Watu walinibeba. Jezi nyeupe ilizomewa, mtu akamrushia maganda ya machungwa, na mimi nikavishwa asumini shingoni. Walichoona watazamaji ni mwizi aliyevunja desturi na Mwende aliyemfukuza akamwadhibu. Video iliyopigwa kutoka kwenye pikipiki ikawekwa mtandaoni na maandishi hayohayo juu yake. Mwanaisha akaja na chumvi imemkauka usoni, akanishika mikono miwili.

"Hongera, mdogo wangu. Nilikuona ulivyomfukuza kwa ajili yangu."

Kutoka nyuma, baiskeli mbili zikifuatana, na jua limezama, huwezi kujua nani amempita nani. Ningeweza kumwambia palepale. Nikasema, "Nilijaribu, dada."

Nikaenda ng'ambo miaka miwili. Nikalala kwenye hoteli zenye mito minne kitandani, sijui ya nini. Goti likafa, nikarudi. Mwanaisha aliacha mashindano mwaka uleule wa adhana, sasa anauza leso na mabuibui kwenye duka la mjomba wake, Ndia Kuu. Na kila Ramadhani ananiletea sahani ya kaimati, mimi Mkristo, kwa sababu nilimpigania siku ya adhana. Kila mwaka nazila. Ni tamu, zimelowa shira, na sahani huwa namrudishia tupu.

Hakuna mtu aliyeiona zamu ile. Kocha wangu hakuiona, waandishi hawakuiona. Ameiona Tatu, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kutazama viwiko na si nyuso. Kwa hilo, Tatu, nakusifu, na nimekukasirikia.

Jumatatu nilikwenda Ndia Kuu. Sikutaka alisikie kwenu.

"Hodi."

"Karibu, Mwende. Starehe?"

"Starehe, dada."

"Mbona uso huo? Goti tena?"

Alikuwa anakunja leso. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, nimekamata meza kwa vidole. Hakuacha kukunja. Nilipomaliza akauliza kama mwendesha baiskeli anavyouliza.

"Zamu moja?"

"Moja."

"Mita ngapi?"

"Mia tatu hivi."

"Na mimi nilikuwa mia na hamsini nyuma." Akaiweka leso juu ya nyingine, akalinganisha pembe. "Basi ningefika."

"Ungefika."

Mteja akaingia, mama mmoja na binti yake, Mwanaisha akamwomba asubiri kidogo. Sauti yake haikupanda.

"Yule msichana wa bara sikumsamehe, lakini nilimjua. Alinipita namtazama. Wewe ulinambia nifuturu."

"Nisamehe, dada."

"Nilikuwa na tende mdomoni nakuombea dua, Mwende. Mungu amtie nguvu Mwende. Wajua hilo?"

Nikaanza kulia, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Usinililie dukani. Na waja kunambia mimi, kwa nini? Mimi nilikuwapo. Kawaambie waliokupigia makofi." Akamgeukia yule mama. "Naam, mamangu. Wataka ya rangi gani?"

Nikasema kwaheri. Hakuitika. Mwanaisha, ambaye huitikia hata salamu za walevi.

Haya, nimewaambia. Najua mtakachosema, kwamba kocha hana haki ya kuhukumu. Semeni. Lakini Tatu, zamu yangu si cheti chako. Usiichukue ukaifanya kanuni. Uliniona nikifanya ubaya ukajifunza ubaya, na zuri nililokuonesha miaka mitatu hukulitazama? Kikombe kile ni chako, kitabu kinasema ni chako, sitakuomba ukirudishe. Nakwambia tu ninachokijua: utashinda mengine, na hakuna hata mmoja atakayekuuliza kuhusu Jumapili, na wewe utakuwa unakata vitunguu na kuisikia cheni ya Rukia ikitoka. Nambari yake ya simu unayo. Mimi sikutumi.

Na nyinyi mnaoniuliza imeandikwa wapi, nimechoka na swali hilo. Mimi pia nilijua haikuandikwa. Ndiyo maana niliweza.

Jana mchana nilikaa kizingitini kwangu, jirani zangu wote wako kazini, nikaifungua ile video. Sijawahi kuitazama mpaka mwisho. Niliitazama. Chini yake watu wameandika shujaa wetu, binti wa kisiwa, Mungu akuzidishie. Nikaandika chini yao wote: Mimi ndiye huyo. Dakika ya sita nilivuta zamu kidogo, baada ya kumwambia Mwanaisha afuturu. Angetufikia. Mwende.

Nikaisoma mara mbili. Nikalifuta lile neno "kidogo", nikabonyeza.